Beberu wa Stesheni ya Mwakonu

Habari kwamba beberu aliwahi kulala katika stesheni ya Mwakonu, Gertrude aliipata kwa mumewe wiki ileile aliyoolewa, nayo ilimfikia kavu, kama muhogo wa kuchoma usiotiwa chumvi. Chumvi aliitia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka yote iliyofuata.

Marehemu Obadiah hakuwa mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli, kuwasha taa, na kugonga kengele kila treni ya kutoka Voi kwenda Taveta ilipokaribia, na alizungumza kama mtu aliyeazima maneno kwa jirani na anatakiwa kuyarudisha yakiwa mazima. Siku alipomwonyesha bibi arusi wake mahali anapofanyia kazi, alisimama mlangoni pa chumba cha kungojea akasema:

"Beberu alilala humu."

"Beberu?"

"Ee. Ndevu mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Alimaliza mkate wote. Asubuhi akapanda treni, akaenda zake Taveta."

"Hata asante hakusema?"

Obadiah alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayejiuliza ameoa nani.

"Asante? Hapana. Hakusema."

"Na wewe ulilala wapi?"

"Nje. Mlangoni."

Basi. Kwa kuwa treni ilikuwa inakuja, alikwenda kugonga kengele yake.

Sasa, Obadiah alikulia Voi mjini, kwenye nyumba za reli, akicheza na watoto wa Waswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani. Gertrude alitoka milimani, juu ya Wundanyi, ambako mbuzi na ng'ombe na kuku wote walikuwa na majina yao ya Kidawida na hawakuhitaji mengine. Kiswahili alikipata shuleni na redioni. Na redioni beberu alikuwa mmoja tu: mzungu aliyekuja kututawala, akala vyetu, akaondoka bila kusema asante. Kila alichoambiwa na mumewe kililingana na habari ya redio. Ataulizaje tena?

Watoto walipozaliwa, beberu alikuwa tayari amevaa viatu virefu vya ngozi. Tom, kifungua mimba, alipoanza shule, beberu akapata kiko. Wajukuu walipokuja, alikuwa akinywa chai kwenye kikombe chenye ua la waridi, kidole kidogo kikiwa kimenyooka, na Gertrude angeweza kuapa kwamba kikombe hicho aliwahi kukiona. Kisha siku moja, kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama, alipoona wenzake wanasinzia kwa joto la Januari, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema kwamba beberu yule alikuwa gavana. Akina mama wakaamka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemshusha cheo.

Treni zenyewe zilikoma. Kwanza zile za abiria, halafu za mizigo, halafu hata kile kigari cha wakaguzi ambacho siku moja Gertrude alikikaangia mandazi ya kutosha abiria wa mabehewa manane, wakashuka wanaume wawili na mmoja wao akasema ana kisukari. Majani yakafunika reli. Huko Voi ikajengwa stesheni mpya kubwa ya kwenda Mombasa na Nairobi, yenye sakafu ya kujitazama uso. Mwakonu ilibaki na kuta za mawe, paa la mabati, benchi moja la mbao ngumu, na ndovu waliovuka kutoka mbugani usiku kuja kujikuna migongo kwenye pembe ya ukuta.

Obadiah alikufa na ufunguo wa chumba cha kungojea ukiwa umening'inia kwenye msumari nyumbani kwake. Hakuna aliyeuulizia, kwa hiyo Gertrude akaendelea kufagia. Na kwa kuwa chumba kilikuwa kimefagiwa, nesi Loise wa Bura akaanza kuleta kliniki ya watoto humo kila mwezi. Mizani aliitundika kwenye ndoano iliyokuwa ya taa ya Obadiah. Mama mwenye mtoto aliketi kwenye benchi, kivulini, badala ya kutembea juani hadi Bura na pacha mgongoni. Gertrude alipenda kuwaona watoto wakining'inia kwenye ndoano ile, wakirusharusha miguu, wakipiga kelele kuliko treni yoyote.

Kisha akaja mtu na lori, akazipima kuta kwa hatua, akayapigapiga mawe kwa kiganja kama mtu anayenunua tikiti maji. Ikajulikana kwamba ameomba kibali. Anataka mawe yale kwa ukuta wa hoteli ya watalii. Jengo, alisema, ni gofu, halina kazi wala historia.

"Kazi linayo," nesi Loise alisema. "Lakini kliniki yangu haimo katika karatasi ya mtu. Mimi ni mgeni humu kama popo."

Cha kuliokoa jengo, basi, kilikuwa historia. Mwalimu Josephat, mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya kijiji, akapiga simu ofisi ya mambo ya kale, na siku ya tatu akaja nyumbani kwa Gertrude akiwa na kalamu mbili mfukoni.

"Mama Tom, wanamtuma afisa. Anaitwa Rita. Nimemweleza kwamba reli hii ilijengwa wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani."

"Hiyo si historia?"

"Kasema hiyo ni historia ya reli nzima, kutoka Voi mpaka Taveta. Anataka ya jengo hili. Kuna nini hapa ambacho hakuna kwingine?" Mwalimu akasogeza kiti. "Nikamwambia tuna gavana."

Gertrude akatazama chini kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba anatazamwa.

"Aliitwa nani, Mama Tom?"

"Obadiah hakutaja jina."

"Lazima alikuwa nalo."

"Walikuwa na majina magumu, mwalimu. Labda ndiyo maana hakutaja."

Mwalimu Josephat akaandika: *jina gumu*. Alikuwa mtu aliyesoma, na neno beberu alilijua kwa maana zake zote. Lakini habari hii ilipomfikia ilikuwa tayari imevaa suti, na nani humwuliza mtu aliyevaa suti kama ana kwato?

Wiki ile Gertrude alijiona mtu mkubwa. Alinunua viatu vyeupe vilivyombana vidole, akavivaa hivyo hivyo. Alijizoeza kusema mbele ya kuku. Mjukuu wake Shanice, aliyekuwa amekuja kutoka Voi kusaidia, alichora ubao kwa rangi nyekundu: GAVANA ALILALA HAPA.

"Lakini nyanya, uko sure alikuwa gavana?"

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Hata wewe hukuwepo."

"Mimi niliolewa na aliyekuwepo. Ongeza rangi kwenye G."

Siku ya mkutano ilifika. Hema lilipigwa mbele ya stesheni, viti vya plastiki vikaletwa kutoka kanisani, utepe wa ufunguzi ukatundikwa kwenye nguzo ya mlango, na Rita akaja, msichana mpole wa miwani, aliyesalimia wazee mmoja mmoja na kuinama alipofika kwa vipofu ili wamguse mkono. Gertrude aliliona hilo. Akasikia jambo dogo likimkwaruza rohoni, kama punje ya mchanga katika wali: mtu mwenye adabu kama hii ni vibaya kumdanganya. Lakini yeye hakuwa akidanganya. Alikuwa akieleza, na chumvi.

Wageni nao walikuja, kwa sababu mwalimu alikuwa amepeleka tangazo redioni akiwaita wote waliowahi kupanda treni Mwakonu. Wa mwisho kufika alikuwa mwanamke wa makamo ya juu kutoka Taveta, mfanyabiashara, mwenye buibui safi na bangili, aliyeshuka kwenye pikapu akiwa ameshika kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbuzi dume mchanga, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

"Nani analeta mbuzi kwenye mambo ya serikali?" Gertrude alimnong'oneza Shanice.

"Labda ni wa kuchinjwa."

"Basi karibu sana."

Mwanamke yule alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya mlango. Kabla ya kuketi na wageni aliingia peke yake katika chumba cha kungojea, akaliwekea mkono benchi lile, akautuliza hapo kidogo kama anayempapasa mgonjwa, akatoka. Hilo nalo Gertrude aliliona, ila viatu vilikuwa vikimbana na jina lake lilikuwa linaitwa.

Alisimama. Alianza vizuri. Akamlaza gavana, akamvua viatu, akampa chai. Akaeleza jinsi mumewe, kijana mwenye nguo za kazi, alivyotolewa chumbani mwake mwenyewe akalala nje mlangoni kwenye baridi ili mkubwa apate nafasi. Hapa sauti yake ilitetemeka kweli, kwa maana hicho ndicho kipande ambacho hakuwahi kukitia chumvi. Miaka yote alikuwa amemchukia beberu yule kwa ajili ya mlango ule.

"Ndevu zake," alisema, "zilikuwa mpaka hapa."

Kicheko kidogo kilitoka upande wa wageni. Mwanamke wa Taveta alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Kisha akainuka.

"Niwie radhi, dada. Naitwa Zubeida. Ruhusa niulize swali moja?"

"Uliza, mama," alisema Rita.

"Huyo beberu, alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso?"

Gertrude akafikiri haraka. "Sijui. Nadhani alivaa kofia."

"Na alikuwa akinuka?"

"Wakubwa wa zamani hawakuwa wakioga sana," alisema Gertrude, naye akashangaa alikolitoa hilo.

Zubeida akatoka kwenye safu ya viti, akaja mpaka mbele, akamshika mikono yote miwili.

"Dada yangu, beberu huyo, kamba yake niliishika mimi."

Halafu pale nguzoni yule dume mchanga, kana kwamba ametajwa, akasema *mee*.

Mzee mmoja nyuma ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akacheka kikohozi cha pumu. Kisha safu yake, kisha hema zima, mpaka viti vya kanisa vikalia. Mwalimu Josephat alijifunika uso kwa karatasi yenye maneno *jina gumu*. Shanice alikuwa ameugeuza ubao ukutani. Na Gertrude, aliyesimama mbele ya watu wote kwa viatu vyeupe, aliona mbele ya macho yake mbuzi mwenye viatu virefu na kiko, ameshika kikombe chenye ua la waridi, kwato ndogo ikiwa imenyooka. Miaka yote! Alimpa mbuzi kiko. Alimpandisha mbuzi cheo. Kicheko kilimtoka mwenyewe, kikamkunja, ikabidi amshikilie Zubeida asianguke.

Lakini kupitia mlango wazi aliona ile ndoano, na mizani ya nesi Loise ikining'inia tupu, na kicheko kikamkauka. Kwisha. Ameipoteza nyumba kwa sababu ya mbuzi. Mwezi ujao lori litakuwa hapa, na watoto watapimwa juani, na wa kulaumiwa ni bibi mmoja asiyejua Kiswahili.

"Keti, dada," Zubeida alimwambia. "Ulieleza vyema sana. Nusu ni kweli. Niache nieleze nusu yangu."

Akaeleza akiwa amesimama, mkono wake bado kwenye bega la Gertrude. Alikuwa msichana mdogo tu. Baba yake, mfugaji wa Taveta, alikuwa amenunua beberu wa mbegu nzuri Voi, akapata homa palepale kwa ndugu yake, na yeye Zubeida akatumwa kumpeleka beberu nyumbani kwa treni kabla mama hajapata wasiwasi. Kufika Mwakonu abiria wakamlalamikia gadi wa treni kwamba harufu imewazidi. Gadi akamteremsha beberu. Na msichana hakukubali kuiachia kamba, basi akateremka naye. Treni ikaondoka. Giza likaingia.

"Hapa alikuwako kijana mmoja wa kuwasha taa. Nililia, naye hakujua kunibembeleza. Alinipa mkate wake. Nikauweka kwenye benchi nifute machozi, beberu akaumaliza."

"Wote," alisema Gertrude, karibu bila sauti.

"Wote, dada. Akanipa koti lake. Akanionyesha komeo la ndani, akaniambia nijifungie. Yeye akakaa nje, mgongo kwenye mlango, mpaka kulipopambazuka. Nilimsikia akikohoa kwa baridi. Asubuhi akatupandisha sote wawili, akamwambia gadi maneno fulani ambayo siwezi kuyasema mbele ya wageni. Nikamwambia, kaka, nitawaeleza watu wote wema wako. Akasema, usiwaeleze. Sema beberu ndiye aliyelala Mwakonu. Wewe hukulala. Wakati ule mimi sikufahamu. Nilifahamu nilipokuwa mtu mzima, kwamba msichana aliyelala stesheni na kijana wa reli angesemwa mpaka aolewe, na hata baada ya kuolewa."

Gertrude alikuwa akitazama kizingiti. *Nje. Mlangoni.* Alidhani alifukuzwa. Kumbe alikuwa komeo la pili. Na huyo mtu aliishi naye miaka yote hiyo, akila pamoja, akimsikia mkewe akimpamba yule beberu kwa viatu na kiko mbele ya wageni, na hakusema hata mara moja, "Mke wangu, yule alikuwa mbuzi." Kwa sababu mbuzi angeuliziwa mwenye kamba.

Na lazima alicheka. Gertrude alikumbuka sasa jinsi Obadiah alivyokuwa akitoka nje kukagua kuni kila hadithi ile ilipofika kwenye kikombe. Mtu gani hukagua kuni mara nyingi namna hiyo?

"Baba alipopona alikuja kumshukuru, kijana akakataa kila kitu," Zubeida alimaliza. "Kwa hiyo nimechelewa, lakini nimekuja. Huyu ni wako, dada, na ni wa kizazi cha yule. Doa hilo huruka vizazi na kurudi." Akaelekeza nguzoni, ambako dume yule mchanga alikuwa ameshatafuna utepe wote wa ufunguzi na ameanza kamba yake mwenyewe.

Rita alikuwa akiandika muda wote huo. Aliinua kichwa.

"Nyanya Gertrude, naomba nikwambie ukweli. Huyo gavana ningemtafuta kwenye kumbukumbu za ofisi. Ndiyo kazi yangu. Nisingempata, na ningeandika kwamba madai hayakuthibitishwa, na jengo lingekwenda."

"Pole sana kwa gavana," alisema Gertrude.

"Lakini beberu huyu ana shahidi aliye hai." Rita akawageukia watu. "Kuna mwingine aliyewahi kulala humu?"

Kisha mama mmoja akainua mkono, akasema yeye alijifungulia humo mvua ilipozoa daraja, na Obadiah alikwenda kusimama relini na taa akiwa amewapa mgongo, asiangalie, mpaka akasikia mtoto analia. Mzee wa pumu akasema alingoja humo jeneza la kaka yake kutoka Mombasa, na stesheni masta wa wakati huo aliketi naye bila kumwuliza chochote. Mwingine akasema, na mwingine. Nesi Loise akasema jinsi mizani yake ilivyopata ndoano. Kalamu ya Rita iliisha wino na mwalimu Josephat akampa yake ya pili, akitazama pembeni.

Barua ya ofisi ilipofika, mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Jengo la Mwakonu lisibomolewe. Mwenye lori alipata mawe yake Maungu, na inasemekana ni mazuri zaidi. Shanice alichukua ubao wake akafuta neno la kwanza na kuandika jingine, kwa hiyo sasa unasomeka BEBERU ALILALA HAPA. Watalii na wanafunzi wanaopita husimama mbele yake wakitikisa vichwa kwa uchungu juu ya historia ya Afrika. Gertrude huwaacha watikise kidogo, kisha huwaeleza, maana amejifunza. Hata hivyo kamba ya msichana imeshaanza kuwa ndefu kidogo kila anapoieleza, na Zubeida, ambaye huja kila mwezi na vitunguu, amemwonya kwa kidole.

Siku ya kliniki iliyofuata, benchi lilijaa akina mama mpaka mlangoni. Dume yule mchanga, aliyekuwa amekua na kuanza kunuka kama babu zake, alikuja akachungulia, akaona vyakula mikobani, akaweka kwato moja ndani. Gertrude alimzuia kwa ufagio.

"Zamu yako ulishalala, bwana mkubwa," alimwambia. "Leo kuna watoto. Wewe kaa nje. Hapo hapo, mlangoni."

Na Gertrude akaketi kizingitini pamoja naye, viatu akavivua.